Kipi Kitaharibika Kwanza?

Katika nyumba nyingi za mjini, upishi huanza na swali moja: leo tule nini? Likishajibiwa, mtu hutumwa sokoni au gengeni, na vitu vipya vinapofika jikoni huwekwa juu ya vile vya juzi ambavyo bado vimo kapuni. Ninaamini kwamba hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha ya chakula inapopotelea, na kwamba familia yenye kipato kidogo ingepata nafuu ya kweli kama swali la kwanza lingekuwa jingine: katika vilivyomo ndani, kipi kitaharibika kwanza? Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua chakula cha siku, na soko lifuate baadaye ili kukamilisha kilichopungua tu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha, na kwa nafaka kavu iliyohifadhiwa vizuri, maneno hayo ni ya kweli. Lakini akiba ya mboga na ya wali uliobaki usiku huoza, tena huoza upesi katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Ndiyo maana kubana matumizi jikoni hakuwezi kuwa suala la kununua kwa bei ya chini peke yake. Anayenunua mafungu mawili ya nyanya jioni kwa bei ya kutupa, kisha akalitupa moja baada ya siku mbili, amelipia kila nyanya aliyokula mara mbili ya bei aliyodhani ameipata. Na hili si la kwetu tu. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula, zikiwemo sehemu zisizoliwa kama mifupa na maganda, zilitupwa na maduka, migahawa na kaya duniani, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho ilitoka majumbani, wala si hotelini kama wengi wetu tunavyodhani.

Mboga za majani ndizo zinazowahi kuchoka. Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde yaliyochumwa alfajiri huwa yamelegea ifikapo jioni, na watu wengi huyahesabu kuwa yameharibika. Kunyauka si kuoza. Jani lililonyauka limepoteza maji. Likitumbukizwa katika maji safi ya baridi pamoja na shina lake, kabla halijakatwa, mara nyingi husimama tena kiasi cha kutosha kupikwa bila dosari. Jani lililooza lina utelezi, limegeuka jeusi au kahawia, na lina harufu. Hilo halina dawa, na likiachwa ndani ya fungu huyaharibu yaliyo jirani. Kwa hiyo kazi ya kuchambua mboga ifanyike siku ile ile ya kununua, hata kama zitapikwa kesho: yaliyoanza kuoza yaondolewe, mazima yaachwe bila kuoshwa, yafungwe katika kitambaa chenye unyevu kidogo na kuwekwa mahali penye kivuli. Majani yakibaki machache ya kila aina, yasisubiriwe yapate wenzake. Matembele ya mkono mmoja, mchicha wa mkono mwingine na majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi, vikiungwa pamoja kwa karanga zilizosagwa au kwa tui la nazi, hutoa mboga ambayo mimi naipenda kuliko mchicha mtupu, kwa sababu kila jani huleta ladha yake.

Nyanya inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa karibu kila siku na ndiyo inayotupwa kwa urahisi mno. Bei yake hupanda na kushuka kwa msimu, na zinapojaa sokoni wauzaji huzitenga zile laini zilizoiva kupita kiasi, ambazo wengine huziita masalo, na kuziuza kwa bei ndogo. Nyanya laini ambayo ngozi yake haijapasuka na ambayo haina ukungu ni nyanya nzuri ya kupikia, pengine bora kuliko ile ngumu, kwa sababu imekolea utamu. Ila haiwezi kungoja. Inapaswa kukatwakatwa usiku ule ule, ibandikwe jikoni pamoja na kitunguu bila kuongezwa maji, ichemke polepole hadi ikauke, kisha itiwe mafuta na kukaangwa mpaka mafuta yaelee juu. Rojo hilo ndilo mwanzo wa mchuzi wa samaki, wa maharage, wa mayai au wa mboga yoyote ya kesho. Mwenye friji atalitia katika chombo kikavu chenye mfuniko na kulitumia kwa siku kadhaa, au ataligandisha katika vikopo vidogo ili atoe kiasi kinachomtosha kwa pishi moja. Asiye na friji atalichemsha tena asubuhi na kulimaliza siku inayofuata. Faida haiishii kwenye nyanya. Mkaa au gesi iliyotumika mara moja kukausha rojo la mapishi matatu ni pungufu ya ile ambayo ingetumika kukaanga nyanya mbichi mara tatu.

Mabaki ya mboga ngumu hayana shida kubwa. Karoti iliyolegea, bilinganya lililokunjamana, nyanya chungu mbili tatu, hoho iliyosinyaa na bamia chache zinaweza kukutana katika sufuria moja, ilimradi zinazochelewa kuiva zitangulie na bamia ziingie mwisho, na dagaa wachache waliokaangwa wakiongezwa hapo mlo umekamilika. Ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi hupikwa kwa tui la nazi, sukari kidogo na iliki. Waganda nao huziponda, wakazikanda na unga wa muhogo na kukaanga vitumbua viitwavyo kabalagala. Ndimu zinazoanza kukauka, embe mbichi zilizoangushwa na upepo na pilipili zilizozidi ni za kutengenezea achari, na hilo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Jambo ambalo halizingatiwi vya kutosha ni jinsi vyakula vinavyoharibiana. Ndizi mbivu, embe na nyanya hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva na kuchakaa kwa vilivyo karibu nazo, hasa mboga za majani. Vitunguu na viazi navyo havifai kukaa kapu moja. Vitunguu vinataka mahali pakavu panapopitisha hewa, na viazi vinataka giza. Kapu moja linaloshikilia kila kitu jikoni, ambalo tumelizoea sana, ni chanzo cha hasara ambacho kuondolewa kwake hakugharimu chochote.

Sasa nizungumzie kiporo, yaani chakula kilichokwisha kupikwa kikabaki. Wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu na karoti, ugali uliokatwa vipande na kubanikwa hadi ukoko ukaja juu, chapati zilizolala zikakatwakatwa na kupikwa kwa mayai au kwa mchuzi, ni kifungua kinywa chenye heshima zote kando ya chai ya rangi. Hata hivyo, jikoni kwangu sipendi kiporo kitokee kwa bahati. Ninapenda kipangwe. Maharage ni mfano mzuri: yanakula moto mwingi, kwa hiyo ni busara kuchemsha mengi kwa pamoja, lakini yasiungwe yote. Yanayoliwa leo ndiyo yatiwe nazi, kitunguu na viungo. Yaliyobaki yakae meupe na chumvi yake tu, kwa sababu chakula chenye tui la nazi huchacha haraka kuliko kilichochemshwa tupu. Kesho maharage hayo meupe yanaweza kuungwa kwa nyanya, na yale ya mwisho yakapondwa au kuchanganywa na mahindi kuwa makande. Asiye na friji huyachemsha asubuhi na jioni, yachemke hasa, siyo kupata uvuguvugu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watetezi wa kubana matumizi mara nyingine hulipita kimya. Wali ni chakula cha hatari kikilala vibaya. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu ambazo haziuawi na kupikwa kwa kawaida. Wali ukiachwa saa nyingi katika joto la chumba, mbegu hizo huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na kupashwa moto. Kwa hiyo ile imani kwamba moto mkali husafisha kila kiporo si sahihi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinapopashwa kifikie angalau nyuzi 70 za Selsiasi kila sehemu, hata katikati. Wali unaojulikana kuwa utabaki utolewe sufuriani mapema, utandazwe kwenye sinia ili upoe upesi, kisha ufunikwe na kuwekwa kwenye friji. Kwa nyumba isiyo na friji maoni yangu ni wazi: wali upikwe kwa kipimo, na kinachoachwa kibaki kiwe maharage au makande, ambayo yanaweza kurudishwa jikoni yakachemka kabla hayajakaa sana.

Ukali huo huo utumike kwa ukungu. Karoti au kabichi yenye doa dogo la ukungu inaweza kukatwa pembeni kwa upana wa kutosha na sehemu ngumu iliyobaki ikapikwa, lakini nyanya, mkate na chakula laini vyenye ukungu vitupwe vyote. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe na mtu, wala zisichanganywe na nzima ili kupunguza hasara, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na hasa ile iitwayo aflatoksini, haiondolewi na kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake huko Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyochafuliwa; na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani navyo vina sumu isiyotoka kwa kupikwa. Anayetupa vitu hivi hajafuja mali. Ameepusha gharama ya hospitali, na pengine msiba.

Ipo hoja ninayokutana nayo mara kwa mara, kwamba kiporo ni chakula cha mfanyakazi wa ndani na cha watoto, na kwamba baba wa nyumba apelekewe kilichopikwa sasa hivi. Hoja hii naipinga kwa nguvu. Kwanza, kama chakula ni salama, ni salama kwa wote, na kama si salama, hakuna aliye duni kiasi cha kupewa. Pili, kumtaka mama apike upya mara tatu kwa siku, huku akilaumiwa fedha ya matumizi inapoisha kabla ya mwezi, ni kumbebesha lawama ya hasara iliyoamriwa na mwingine. Kuokoa mboga iliyochoka kunahitaji muda, kumbukumbu na ujuzi; ni kazi inayoingiza fedha nyumbani sawasawa na mshahara, na inastahili kuhesabiwa hivyo.

Ujuzi huo sisi tunao, ila tumeuacha vijijini. Wasukuma hukata viazi vitamu na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza kisha wakavianika vikawa matobolwa, na chakula hicho huvuka nacho miezi ya kiangazi. Tabora wana nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Dodoma na Singida wanakausha mlenda. Mtu wa mjini mwenye bati la jua kali juu ya kichwa chake hutupa matembele yaliyozidi, wakati angeweza kuyachemsha kidogo na kuyakausha juu ya ungo uliofunikwa chandarua, kivulini penye upepo, maana jua la moja kwa moja hupunguza vitamini A. Kwa mikoa mikavu ya katikati ya nchi kuna pia njia ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga wenye maji katikati, ambayo mwalimu Mohammed Bah Abba aliieneza kaskazini mwa Nigeria katika miaka ya 1990. Maji yanapokauka mchangani huondoka na joto, na bilinganya zilizokuwa zikidumu siku 3 zikafika siku 27. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, njia hiyo haipoozi sana, kwa hiyo simshauri mtu wa Dar es Salaam kuitegemea. Lakini Manyoni au Kondoa sioni sababu ya kutoitumia.

Baada ya yote hayo hubaki kile ambacho mtu hawezi kula: maganda ya ndizi na ya muhogo, mashina magumu, machicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui la pili. Kuku wanayapenda machicha mabichi, ila wapewe siku ile ile kabla hayajachacha. Maganda ya ndizi yanaliwa na mbuzi na ng'ombe, na mjini Kampala hukusanywa na kuuzwa kwa wafugaji. Asiyefuga ayafukie kwenye kona ya bustani au kwenye kiroba cha udongo, na udongo huo, baada ya miezi michache, apande mchicha.