Upanga wa Kale wa Kijapani: Unolewe Upya au Uachwe na Kutu Yake?

Upanga uliofuliwa Japani karne saba zilizopita unapopatikana leo ukiwa na madoa ya kutu, mwenye nao hukabiliwa na uamuzi mgumu: aupeleke kwa mnoaji, au auache ulivyo. Kunoa huku si kwa ajili ya ukali, bali ni kuusugua uso mzima kwa mawe hadi chuma kionekane.

Wanaounga mkono kunoa wana hoja nzito. Mhunzi alianza na tamahagane, chuma kinachopatikana kwa kuchoma mchanga wenye madini ya chuma pamoja na makaa, akakikunja na kukifua tena na tena hata tabaka zikawa maelfu. Kisha alipaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, akautia upanga motoni na kuutumbukiza majini. Makali yalipoa haraka yakawa magumu mno, mgongo ukapoa polepole ukabaki na unyumbufu, na tofauti hiyo ikaacha juu ya chuma mstari mweupe wa mawimbi uitwao hamoni. Kutu ikishatanda, hayo yote hayasomeki. Mnoaji huanza na mawe yanayokwaruza, akaendelea na laini zaidi, hadi afikie vipande vyembamba vya jiwe la Narutaki, Kyoto, anavyovisukuma kwa kidole gumba, na ndipo mkunjo wa chuma unapojitokeza kama mistari ya mbao iliyorandwa.

Upande wa pili husema, na ni kweli, kwamba kila jiwe huondoka na chuma. Panga nyingi zina gamba gumu lililofunika kiini laini; gamba likiisha, kiini hutokeza kama doa lililofifia, na hakuna fundi awezaye kulirudisha. Tena wanoaji wenyewe hawagusi kamwe kutu ya msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, kwa kuwa rangi yake hushuhudia umri wa upanga na sahihi ya mhunzi. Ikiwa kutu ya msuka ni ushahidi, kwa nini ya juu iwe uchafu tu?

Hoja hiyo ya mwisho hainishawishi. Uso tunaoustahi katika panga mashuhuri, kama Dojigiri Yasutsuna iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, ni kazi ya vizazi vya wanoaji. Uso ule wa siku ya kwanza ulikwisha kuondoka zamani. Hoja ya gamba, hata hivyo, haina jibu, nami naona ndiyo inayopaswa kuamua. Kutu inayoendelea kula chuma itibiwe. Tamaa ya mng'ao, au ya bei nzuri sokoni, haitoshi hata kidogo kuwa sababu ya kupunguza kitu kisichoongezeka. Palipo na shaka, mnoaji aliyefundishwa kazi hiyo anaweza kufungua sehemu ndogo tu ya uso, akapima kilichobaki kabla ya kuendelea. Wakati huo mwenye upanga asithubutu kuugusa kwa msasa. Aufute kwa kitambaa laini na kuupaka mafuta mepesi, ambayo kwa desturi ya Wajapani hutiwa karafuu.