Lensi tatu kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga: zuumu inashinda wapi, inashindwa wapi

Kuna maneno yamekaa sana kwa vijana wa kamera hapa Kampala, kwamba ukishakuwa na 24-70 f/2.8 moja (zuumu ya kutoka milimita 24 mpaka 70; f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) umemaliza, haya mambo ya lensi za praimu, zile zisizozuumu, ni ya watu wenye gari la vyombo na vijana watatu wa kubeba. Na maneno haya hayakutoka hewani, yametoka kwenye kazi inayolisha watu. Mtu anayepiga kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, hawezi kumwambia ssenga, shangazi wa bibi harusi, asimame kwanza abadilishe lensi. Msafara wa bwana harusi unaingia na vikapu vyake, unataka picha pana, sekunde kumi baadaye ssenga anapita katikati ya watu kumtafuta bwana harusi na wewe unataka uso wake, halafu mara bibi mmoja kule nyuma ya hema anapiga vigelegele, na hakuna hata kimoja cha hivyo kitakachorudiwa. Hapo zuumu ndiyo lensi, na anayebisha hajawahi kudaiwa video na familia ya bibi harusi.

Lakini mtu huyohuyo akianza kupiga filamu ya hadithi, na wengi wetu ndiko tunakotaka kufika, anabeba mazoea ya harusi mpaka kwenye seti. Kwenye seti mambo yanarudiwa. Ssenga wa kuigiza atatoka mlangoni mara utakazo mpaka uridhike. Ile faida kubwa ya zuumu, kuwahi, thamani yake inapungua sana, na zile hasara zake ambazo kwenye harusi hazionekani zinaanza kulipwa kwa hela.

Chukua muzigo wa kawaida, chumba kimoja cha kupanga pale Bwaise, futi kumi kwa kumi, kitanda nyuma ya pazia, kochi, TV, majerikeni ya maji kwenye kona na sigiri nje mlangoni. Hadithi zetu nyingi zinatokea kwenye chumba cha namna hii. Futi kumi ni mita 3 na kidogo. Sasa kwenye kamera ya Supa 35, ambayo sensa yake ina upana wa kama milimita 24, hesabu ni nyepesi mpaka inachekesha: lensi ya milimita 24 inaona upana sawa na umbali uliopo. Mita 3 unaona mita 3, yaani karibu ukuta mzima wa mbele. Lensi ya 35 palepale inaona mita 2 hivi, 50 inaona mita 1.4, na 85 inaona sentimita 85 tu, kichwa na mabega, tena na wewe mgongo umebanwa ukutani na mtu wa sauti hana hata pa kuchuchumaa.

Ndiyo maana mimi nashangaa ile orodha ya 35, 50, 85 inayozunguka YouTube inavyonunuliwa hapa kama ilivyo. Ile ni orodha ya watu wa ful fremu, zile kamera za sensa kubwa zaidi. Ukiileta kwenye Supa 35 lazima ugawanye kwa 1.5, na hapo unapata kama 24, 35 na 50 na kitu, ambazo ndizo lensi za muzigo. Mtu anasikia praimu, ananunua 50 na 85 kwa kamera ya Supa 35, anaingia ndani ya nyumba ya watu, hawezi kurudi nyuma, anapiga scene nzima ya vichwa, halafu anarudi kwenye 24-70 anasema praimu hazifai Uganda. Kosa ni namba alizonunua, si praimu.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaponielewa vibaya, wanadhani anayetaka f/1.4 anataka ile nyuma iliyoyeyuka ya kwenye Instagram. Hapana jamani. Kutoka f/4 mpaka f/1.4 ni stopu tatu, na kila stopu ni mara mbili ya mwanga, kwa hiyo ni mara nane. Yaani kama zuumu ya f/4 inahitaji wati 480 za taa ili chumba kionekane unavyotaka, f/2.8 itahitaji 240 na f/1.4 itahitaji 60 za taa ileile. Wati 60 za LED zinaendeshwa na betri moja ya kamera ya V-mount ya 98Wh (wati 98 kwa saa moja) kwa saa moja na nusu hivi. Wati 480 zinataka umeme wa ukutani, na umeme ukikatika zinataka jenereta, jenereta inataka mafuta na mtu wa kuilinda na waya mrefu wa kuiweka mbali, na hata ukiiweka mbali bado mlio unaingia kwenye maiki kwa sababu dirisha la muzigo halizibi kitu, halafu jirani anakuja kuuliza mnafanya nini hapa na nani amewaruhusu, mwenye nyumba naye anakumbuka kwamba hamjaongea naye vizuri. Vyote hivyo vimetoka kwenye tundu la lensi. Watu wanapiga hesabu ya bei ya praimu tatu dukani wanasema ghali, lakini hawaweki upande wa pili jenereta ya kukodi, mafuta, na muda wa kurekodi sauti upya.

Na kuna jambo la ngozi. Uso mweusi unapendeza ukipata mng'ao wa taa kubwa laini, ile inayopigwa kwenye shuka jeupe au ukuta ndipo irudi kwa mtu, sio taa ya moja kwa moja inayomkaanga kipaji cha uso. Lakini taa ukiipiga kwenye shuka unapoteza mwanga mwingi njiani. Mwenye f/4 na taa moja hana jinsi, ataielekeza usoni. Mwenye f/1.4 anao mwanga wa kupoteza. Hata balbu ya chumba yenyewe au taa ya sola inaanza kuwa taa ya kazi.

Najua jibu la watu wa zuumu, na ni jibu zuri: nani anapiga f/1.4 kweli? Kwa lensi ya 50 kwenye Supa 35, mtu akiwa mita 1.5, f/1.4 inakupa fokasi ya kina cha kama sentimita 5. Jicho liko kwenye fokasi, sikio limeshapotea, mwigizaji akipumua tu umemkosa, na seti nyingi za hapa hazina mtu maalumu wa kuvuta fokasi, ni mpiga picha mwenyewe kwa kidole. Kwa hiyo atafunga mpaka f/2.8, na hapo yeye na mwenye zuumu wako sawasawa. Kweli, kwa 50 sibishi. Ila kwa klosapu, picha ya uso wa karibu, fremu ni ndogo, unaweza kuisogeza taa mpaka ukingoni mwa fremu, na taa ukiisogeza nusu ya umbali mwanga unakuwa mara nne, kwa hiyo pale hukuwa na shida ya mwanga tangu mwanzo. Shida iko kwenye picha pana, ambako taa haiwezi kusogea bila kuonekana, na hukohuko ndiko lensi ya 24 inakusamehe: f/1.4, mtu yuko mita 2, una kina cha karibu sentimita 40. Mtu anaweza kuinuka kwenye kochi akakaa tena na bado yumo. Ile lensi pana yenye tundu kubwa ndiyo inayofanya kazi ngumu kuliko zote kwenye seti ya praimu, na ndiyo watu wanaiacha ya mwisho kununua.

Kuhusu kulingana kwa lensi nitapita haraka, maana kila edita anayajua. Lensi tatu ziwe za ukoo mmoja. Ukichanganya Helios 44-2 ya zamani na Samyang mpya, wide inakuja na rangi yake na klosapu na rangi yake, na jioni nzima ya kugredi, yaani kurekebisha rangi, inaisha ukijaribu kufanya shati moja liwe shati moja. Lensi za zamani nazipenda, lakini hapa tulipo, na unyevu huu wa ziwa, fangasi ndani ya kioo ni jambo la kawaida, kwa hiyo kabla hujalipa piga tochi ya simu upande wa nyuma uangalie kama kuna nyuzinyuzi nyeupe, na ukinunua weka kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na silika jeli. Mchele hapana, una vumbi. Na ukiona Canon FD, zile lensi za Canon za zamani, bei nzuri kumbuka haiingii kwenye kamera ya EF, aina ya Canon iliyofuata, bila adapta yenye kioo, kwa sababu FD ilitengenezwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu na EF inakaa 44. Kwenye Sony E haina shida, kule nafasi ya adapta ipo.

Pale ambapo watu wa zuumu wananibana kwelikweli kwa hoja ni nje, jioni. Sisi tuko kwenye ikweta, jua linashuka wima, karibu nyuzi 15 kwa saa. London mwezi wa Juni linateremka kwa nusu ya kasi hiyo. Ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wanaupanga kwa utulivu, hapa tangu jua liwe nyuzi 6 juu mpaka lizame una dakika 24 hivi. Ukitoa lensi, filta, kofia, ukarudisha, ukasawazisha gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, upya maana uzito umebadilika, hizo dakika chache kwa kila lensi zinauma. Mwenye zuumu amepiga scene nzima na wewe bado unahangaika na gimbali. Na vumbi la murram nalo, ukienda Karamoja wakati wa kiangazi ukafungua kamera mbele ya barabara utalia kwenye kompyuta. Kwa siku ya namna hiyo mimi mwenyewe nachagua lensi moja asubuhi na siifungui mpaka nimerudi ndani, na kama scene inataka zaidi ya lensi moja nachukua zuumu bila aibu.

Mchana ni mateso kwa wote. Umeme wetu ni hatsi 50, kwa hiyo wengi tunapiga fremu 25 na shata 1/50, kamera nyingi kwenye logi, ile picha iliyofifia ya kugrediwa baadaye, zinataka ISO 800, yaani wepesi wa kunasa mwanga, na kwa jua la saa sita ukitaka f/2 unahitaji ND, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ya stopu 10, yaani kukata mwanga mara elfu moja. Mwenye zuumu ananunua filta moja. Mwenye praimu anaogopa atanunua tatu, kwa sababu 50 f/1.8 STM ya Canon ina uzi wa kufungia filta wa milimita 49, 35 f/2 IS ina 67, 85 f/1.8 ina 58. Lakini vipete vya kupandishia mpaka 77 ni vitu vya bei ndogo, unaviacha kwenye lensi moja kwa moja, na filta inabaki moja.

Kuna wanaosema yote haya ni maringo, mtazamaji hajui lensi. Wanatoa mfano wa Wakaliga, mtaa wa Kampala wanakotengeneza filamu za bajeti ndogo, Nabwana na vijana wake wamejulikana dunia nzima na sio kwa sababu ya vioo. Na kwenye kibanda cha video VJ, yule mtangazaji wa filamu, akishaanza kutafsiri juu ya filamu nani anaangalia fokasi. Ni kweli mtazamaji haulizi lensi. Ila giza analiona, na mlio wa jenereta anausikia, hata kama hajui kulaumu nini. Mteja naye ana mambo yake, yeye anapima lensi kwa urefu, ukitoa kile kidude kifupi cha 35 anakuambia ssebo, yaani bwana, kamera yenyewe mbona hujaleta.

Na kuwa mkweli, kuna zuumu moja inayoharibu nusu ya hoja zangu: Sigma 18-35 f/1.8, ile iliyotoka 2013. Inafunika Supa 35, tundu ni lilelile mwanzo mpaka mwisho, hairefuki ukizuumu, na kati ya 1.8 na 1.4 tofauti haifiki stopu nzima. Ndani ya muzigo hiyo ni 18, 24 na 35 kwa mkupuo. Ni nzito, gramu 810, na inaishia 35, kwa hiyo unaongeza 50 moja unakuwa na seti. Mtu akija na hizo mbili mimi nanyamaza. Lakini 24-70 f/2.8 sio hiyo, na 24-105 f/4 ndio kabisa sio hiyo, na ndizo zinazotetewa kila siku.

Kwangu, kwa Supa 35 na hadithi za ndani, ni 24, 35, 50, za ukoo mmoja. Mwenye ful fremu azidishe, atapata 35, 50 na 75, na kwa kuwa 75 hazipatikani ovyo atabeba 85. Hela ikitosha moja tu nunua 35 ya Supa 35, inapiga watu wawili kwenye kochi na ukiisogeza inapiga mmoja. Ya pili ni 24, kwa sababu ya ile hesabu ya taa. 50 ya f/1.8 hata ukiazima kwa jirani haikosekani. 85 kodi siku ile ya scene ya uwanjani ukiihitaji.

Na kama unayo 24-70 tayari usiiuze. Chukua selotepu, funga ringi ya zuumu kwenye 35, piga scene moja nzima ndani ya nyumba bila kuibandua, kesho yake funga kwenye 24, halafu 50. Itabaki f/2.8, mwanga hautaujua kwa njia hiyo, lakini chumba utakijua, na namba ambayo selotepu yake ulitaka kuibandua kila dakika tano ndiyo ya kutonunua.