San Siro: siku tano kabla ya kutimiza miaka 70

Tarehe 5 Novemba 2025 Jiji la Milan lilitia saini mkataba wa kuuza uwanja wa soka wa San Siro, pamoja na eneo lenye zaidi ya mita za mraba 280,000, kwa klabu za AC Milan na Inter kwa euro milioni 197. Siku tano baadaye, tarehe 10 Novemba, jukwaa la pili la uwanja huo lingetimiza miaka 70 na kuingia chini ya ulinzi wa sheria ya urithi ya Italia. Waliopinga mauzo hayo wamesemwa mara nyingi kuwa ni watu wanaolilia ujana wao. Nadhani hawakusikilizwa vizuri, kwa kuwa hoja yao nzito ilihusu tarehe hizo mbili.

Uwanja huu haukuanza ukiwa mali ya umma. Piero Pirelli, aliyekuwa rais wa AC Milan, aliujenga kwa ajili ya klabu yake, na ukafunguliwa tarehe 19 Septemba 1926 kwa dabi ambayo Inter walishinda 6–3. Jiji liliununua mwaka 1935, na Inter wakahamia humo mwaka 1947. Tangu hapo mahasimu wawili wamekuwa wakila sahani moja kwa sababu sahani haikuwa ya yeyote kati yao, na jina rasmi uliopewa mwaka 1980 ni la Giuseppe Meazza, aliyezichezea klabu zote mbili.

Jukwaa la pili, la mwaka 1955, ndilo lililoupa uwanja sura yake. Njia za mteremko za zege zinauzunguka kwa nje, moja juu ya nyingine, kama ukili unavyozungushwa kushona kikapu, na siku ya mechi aliye barabarani huwaona maelfu ya watu wakipanda taratibu kwa mshazari kuelekea juu. Kwa Kombe la Dunia la 1990 ziliongezwa nguzo 11 za mviringo, jukwaa la tatu na paa lenye mihimili myekundu. Humo, tarehe 8 Juni mwaka huo, François Omam-Biyik aliruka juu ya mabeki wa Argentina, akapiga kichwa ambacho kilimponyoka kipa Pumpido, na Kamerun iliyobaki na wachezaji tisa ikawashinda mabingwa wa dunia 1–0. Kwa hiyo Mwafrika naye ana sehemu katika zege lile.

Klabu nazo zina hoja, tena si ndogo. Jukwaa la tatu lilizuia jua na upepo, na kwa miaka mingi nyasi zilikuwa zikifa. Mwaka 2024 UEFA iliuondolea mji wa Milan fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2027 kwa sababu jiji halikuweza kuhakikisha kwamba uwanja hautakuwa katika ukarabati. Juventus, kwa upande wao, waliachana na Delle Alpi, uwanja uliojengwa mjini Torino kwa Kombe lile lile la 1990, na mwaka 2011 wakafungua wa kwao wenye viti kama 41,000, ambao mapato yake ni yao wenyewe. Klabu inayopanga kwenye nyumba ya halmashauri hupata shida kushindana na yenye nyumba yake, na hilo halina ubishi.

Lakini turudi kwenye tarehe. Chini ya sheria ya Italia, jengo la umma lililozidi miaka 70, ambalo msanifu wake amekwisha kufariki, hulindwa moja kwa moja mpaka mamlaka za urithi zilichunguze na kuamua kama linastahili. Jengo la mtu binafsi halina kinga hiyo. Lazima litolewe tamko mahususi. Maana yake ni kwamba ambacho kingeulinda San Siro ni ule umiliki wa jiji wenyewe, na jiji lilipouza liliuza na kinga. Madiwani walijadili usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 30 Septemba wakapitisha uuzaji kwa kura 24 dhidi ya 20. Kalenda ndiyo iliyowakimbiza. Kama uwanja hauna thamani ya urithi, uchunguzi ungethibitisha hivyo na mauzo yangeendelea. Kama unayo, basi haraka ile ilikuwa njia ya kukwepa jibu.

Hata bei inadai maelezo zaidi ya yaliyotolewa. Euro milioni 197 kwa eneo lile ni kama euro 700 kwa mita ya mraba, uwanja ukiwemo, katika jiji ambalo ardhi yake ni miongoni mwa ghali zaidi nchini Italia. Watetezi wa mauzo hujibu kwamba mnunuzi anabeba pia gharama za kubomoa na kujenga upya, na jibu hilo lina uzito. Haliwajibu, hata hivyo, wakazi wanaouliza kwa nini sehemu kubwa ya zege linalosimama imara ivunjwe ili limwagwe lingine jirani yake.

Mimi ningekubali kuuzwa kwa uwanja huu baada ya tarehe 10 Novemba, uchunguzi ukiwa umefanyika hadharani. Mpango uliopo ni uwanja mpya wa viti 71,500, uliokusudiwa kuwa tayari kwa Euro ya 2032, yaani mashindano ya soka ya mataifa ya Ulaya, na kipande tu cha ule wa zamani kibakizwe. Wakati ujenzi ukiendelea, mashabiki wataendelea kupanda zile njia za mwaka 1955.