Fildi ya Ujiji au ofisi ya Dar: mwanafunzi wa ubunifu majengo ajifunzie wapi?

Baba mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, alinishika mkono tukitoka msikitini akanimwagia lililomkaa moyoni. Binti yake yuko mwaka wa pili, anasomea ubunifu majengo Dar es Salaam. Likizo ndefu ilipofika, wenzake walitawanyika kwenye ofisi za Posta, Masaki na Mikocheni. Yeye kapanda basi kurudi kwao, anasema fildi yake, yaani mafunzo kwa vitendo, ataifanyia Ujiji, chini ya mhandisi wa halmashauri, apime nyumba kongwe na kukaa na mafundi. "Nimeuza shamba," aliniambia yule mzee, "mtoto akasome kuchora maghorofa. Leo yuko Ujiji anapima nyumba za udongo za mababu. Hicho ndicho nilicholipia?"

Swali hilo nimelisikia Tabora pia, kwa mama mwenye kijana chuoni, na nimelisikia kwa wanafunzi wenyewe. Tunapozungumzia mafanikio ya mwanafunzi wa fani hii huwa tunataja vitu vitatu: alama za studio, tuzo ya shindano, na jina la ofisi aliyofanyia fildi. Ujiji haimo katika orodha hiyo.

Mzee huyu ana hoja, na sitaki kuipita haraka. Mikoa yetu miwili, Kigoma na Tabora, haina chuo kikuu kinachotoa shahada ya ubunifu majengo. Tabora ina Chuo cha Ardhi, lakini kazi yake ni mambo ya ardhi na ramani za viwanja, tena kwa ngazi ya cheti na stashahada. Anayetaka shahada huenda Chuo Kikuu Ardhi, Dar, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Akishahitimu, safari haijaisha. Hawezi kujiita mbunifu majengo mpaka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi imsajili, na ili asajiliwe inabidi kwanza afanye kazi chini ya mtu aliyekwisha kusajiliwa, kisha apimwe. Watu hao wengi wao wako Dar. Aliyeingia ofisini kwao akiwa mwaka wa pili, akaonekana ana adabu na mkono mwepesi kwenye kompyuta, ataitwa tena akihitimu. Huko atakutana na mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu za gharama, mhandisi wa miundo na mtu wa umeme kwenye meza moja, atajifunza jinsi michoro ya jengo kubwa inavyopangwa na jinsi mkataba unavyosomwa. Kigoma hayo hayapatikani kwa urahisi. Hata mhuri wa kumgongea kitabu chake cha fildi ni wa mhandisi, na wapo walimu ambao mhuri huo utawakunjisha uso.

Kwa hiyo mwenye kuchagua Dar hajapotea. Shida yangu ni kwamba tumeshaamua kuwa hakuna kingine cha kuchagua.

Asubuhi moja niliomba ruhusa nikamfuata binti huyo kazini. Alikuwa katika nyumba ya bibi mmoja karibu na barabara ya zamani ya misafara, mlango wa mninga uliochongwa, baraza mbele, ua nyuma. Alimwamkia bibi, akapewa kigoda, kisha akafungua tepu. Akapima unene wa ukuta penye mlango: sentimita 43. Akazunguka upande wa jiko, akapima chini zaidi: 47. Akarudi mlangoni akidhani amekosea, akapima upya, ikawa 43 ile ile. Akaichukua timazi kwa fundi aliyekuwa naye, akaining'iniza kutoka juu, na hapo akaona kwamba ukuta unanenepa kadiri unavyoshuka. Fundi akamwelezea: udongo wa chini ndio unaobeba wa juu, na ndio unaorukiwa na matone ya mvua yanayodunda ardhini, kwa hiyo wajenzi wa zamani waliuacha mnene ili hata ukiliwa kidogo usiangushe nyumba. Binti akafuta mstari wake ulionyooka kwenye daftari, akachora ule uliopinda.

Kisha akapima upenu. Kutoka ukutani hadi ncha ya bati ilikuwa sentimita 90. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele, alimwambia bila kuinua kichwa, "Ukuta usipovaa kofia, mjukuu wangu, unakunywa mvua mpaka unavimba."

Hapo kwenye upenu naomba msomaji anivumilie, maana ndiko ninakoona faida ya fildi ya namna hii kuliko popote.

Hatua chache tu kutoka kwa bibi kuna nyumba mpya ya mtindo unaoitwa kontemporari, ule wa paa lililofichwa. Unazijua: kuta zinapanda kupita paa, bati halionekani, kwa mbele nyumba ni kama boksi lililopakwa nyeupe na kijivu. Ramani zake zinauzwa kwenye simu, na picha zake za kompyuta, renda kama wanafunzi wanavyoziita, zinapendeza kwelikweli. Mitaa ya Mwanga na Gungu hapa Kigoma, na Ipuli kule Tabora, inajaa nyumba hizi. Lakini paa lililofichwa halina upenu. Maji yote yanaelekezwa kwenye mfereji wa bati uliolala nyuma ya ukuta ule wa juu, ambako hakuna mtu anayeuona. Ujiji ni mji wa miembe. Majani ya mwembe yakijaa kwenye mfereji, maji yanasimama, yanatafuta penye kiungo, yanashuka ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anaona siling bodi imechora duara la rangi ya chai, anaita fundi, fundi anapaka lami, na msimu unaofuata duara linarudi likiwa kubwa zaidi. Nje nako, kwa kuwa hakuna kinachokinga ukuta, rangi inabanduka kuanzia chini na lipu inaanza kulia kama ngoma ukiigonga. Dirisha halina kivuli, kwa hiyo saa tisa alasiri chumba cha magharibi hakikaliki, na feni inanunuliwa.

Paa la namna hiyo linaweza kujengwa vizuri. Likipewa mwinuko wa kutosha, mfereji mpana, njia ya ziada ya kutolea maji na mtu wa kulisafisha, litadumu. Lakini hayo yote ni maarifa ya mbunifu, na nyumba nyingi za hapa hazimwoni mbunifu hata siku moja. Kwa sensa ya mwaka 2022, Kigoma ina watu karibu milioni 2.5 na Tabora karibu milioni 3.4. Jumla yao inazidi watu wa Dar es Salaam, ambao hawafiki milioni 5.4. Hesabu hiyo huwa inanirudia kila ninapoona mwanafunzi wa fani hii akielekezwa kwamba kazi iko Dar. Watu hawa wote wanajenga, tena wengi wanajenga kwa mikono yao, kwa tofali za kuchoma walizozifyatua wenyewe na kuni za miombo walizozikata wenyewe. Nani atawaambia upenu una kazi gani, kama kila anayesomea upenu anaupimia kwenye kioo cha kompyuta?

Mwanafunzi aliye ofisini Dar ataombwa kutengeneza renda ya nyumba ya kontemporari, na ataitengeneza vizuri, jua likiwa zuri na bustani ikiwa ya kijani. Renda ni nyumba ya siku ya kwanza. Ujiji binti huyu aliiona nyumba hiyo hiyo baada ya masika matatu, akapanda ngazi, akachungulia mfereji, akauchora ukiwa na majani yake. Nijuavyo mimi, hilo ni somo la ujenzi lenye uzito sawa na semina yoyote.

Kuna anayesema haya ni mapenzi ya vitu vya kale, na kwamba ulimwengu wa tuzo hauangalii udongo. Amtazame Francis Kéré wa Burkina Faso. Alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipojenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ya moto itoke, na wanakijiji ndio waliojenga. Ilibidi awashawishi kwanza, maana nao waliuona udongo kuwa ni umaskini, kama mzee wangu wa Mwanga. Shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hii. Na Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn kina programu iliyoanza mwaka 1993 katika Wilaya ya Hale, Alabama, eneo la wakulima maskini, ambako wanafunzi wanabuni na kujenga nyumba halisi kwa watu halisi kama sehemu ya masomo yao. Huko kwenda shamba kumeandikwa ndani ya shahada.

Sisi tulikuwa na nafasi ambayo naiwaza kwa uchungu. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kwa fosi akaunti, mafundi wa hapo hapo wakisimamiwa na kamati za shule. Kazi ilikwenda kwa kasi na watoto walipata pa kukaa, hilo nalishukuru. Lakini ramani za aina moja zilishuka kwa kila mtu, wa mlimani na wa bondeni, na kiwanja ndicho kilichoamua darasa litazame wapi. Hapa, nyuzi karibu tano kusini mwa ikweta, darasa ambalo madirisha yake makubwa yanatazama magharibi linapigwa na jua la alasiri, na lile lililolazwa likatazama kaskazini na kusini lina nafuu kubwa. Kuligeuza jengo kwenye karatasi hakugharimu mfuko mmoja wa saruji. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili katika kila wilaya, akiwa na dira na daftari siku ya kupima msingi, angeweza kulisema hilo kwa kamati. Hakutumwa.

Ila kuna jambo linalouumiza upande ninaouunga mkono, na lazima niliseme. Fildi iko kwenye likizo ndefu, kuanzia Julai. Hicho ni kiangazi. Tabora miezi hiyo ni vumbi na upepo, Kigoma anga ni jeupe, na mvua haianzi kushika mpaka Oktoba au Novemba. Mwanafunzi anayekuja Julai anaona alama ya maji, hayaoni maji yenyewe. Anaambiwa ziwa lilipanda mwaka 2020 na 2021 likaingia kwenye majengo ya ufukweni, anaoneshwa mstari kwenye ukuta, anapiga picha, anaondoka. Binti wa Mwanga alibahatika kwa kuwa amekulia hapa, mvua anaijua. Mtoto wa Dar akitumwa Kigoma kwa wiki chache za kiangazi anaweza kurudi na michoro mizuri ya milango ya kuchonga na asielewe kwa nini upenu ni sentimita 90. Wanaosema fildi ya mikoani hugeuka utalii wana ushahidi wao hapo.

Usimamizi nao. Mwalimu anakuja mara moja, kama anakuja, na kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Namjua kijana aliyefanya fildi katika mji mmoja wa kanda hii, ofisi sitaitaja, akawa anatumwa kuchapa barua na kununua vocha wiki zote, kwa sababu hakuna aliyejua afundishwe nini. Ila namjua pia mwingine aliyechemshia watu chai kwenye ofisi kubwa ya Dar yenye viyoyozi.

Ninachokiona kinawezekana ni kugawa. Mwaka mmoja wa fildi uwe mikoani, mapema, kabla mkono haujazoea mstari ulionyooka, na miaka ya mwisho iwe kwenye ofisi za wabunifu waliosajiliwa, ambako mzee wa Mwanga anataka binti yake awe, na atakuwa. Fildi hiyo ya mikoani iwe na kazi moja inayojulikana: nyumba moja ya zamani na nyumba moja mpya mtaa huo huo, zipimwe zote mbili mpaka kwenye mfereji, na nakala ya michoro ibaki halmashauri. Tabora ina tembe ya Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, yenye kuta nene na ua katikati, na ina stesheni ya reli ya enzi ya Wajerumani. Ujiji ina mitaa mizima. Na katika yale mapumziko mafupi ya katikati ya mwaka wa masomo, Februari au Machi, mwanafunzi arudi siku tatu tu kwenye nyumba zile zile mbili, akiwa na mwavuli.

Nilimwambia mzee hayo. Aliniuliza nauli ya Machi atatoa nani. Sikuwa na jibu la kumpa, ila jioni ile binti alikuwa sebuleni kwao akimwonesha mchoro wa paa la nyumba yao wenyewe, na mzee alikuwa ameshavaa miwani.