Umri wa mchezaji usisubiri wiki ya safari

Mashindano ya vijana ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, yakikaribia, maneno viwanjani huwa yale yale, Unguja na Pemba: "Mchukueni huyo, mwili anao." Yanakera, maana tumeshayalipia. Aprili 2018 Karume Boys, timu ya vijana ya Zanzibar, walikwenda Burundi kwenye michuano ya chini ya miaka 17 wakaondolewa: wachezaji 12 walikuwa wamezaliwa kabla ya Januari 1, 2002. Faini dola 15,000.

Itazameni hiyo tarehe. Aliyezaliwa Novemba 2001 alikuwa na miaka 16 na miezi mitano Aprili ile. Kwa hesabu ya mtaani bado mdogo. Kwa kanuni ameshapita, kwa sababu mwaka uliohesabiwa ni wa fainali za Afrika za 2019, na mwaka huo angetimiza 18. Kocha anayeuliza "una miaka mingapi?" anajitafutia balaa. Swali ni "umezaliwa lini?", na jibu lilinganishwe na kanuni ya mashindano yale, si ya mwaka jana.

Halafu ipo MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA iliianza kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009. Daktari anatazama mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, pale unapokutana na kiganja. Kwa mtoto anayekua pana ukanda wa gegedu. Ukiisha wote ukawa mfupa mtupu, picha inapewa daraja la 6 na mchezaji anatoka. Nakubali, wapo wachache wenye umri halali ambao mfupa umewahi kuunga, na inauma kuwaacha. Lakini pia wapo wenye miaka 18 ambao haujaunga, wakapita. Ndiyo maana kipimo hakifuti karatasi.

Na karatasi ndipo tunapoharibu. Kijana mmoja anakuwa na umri wa skuli, umri wa klabu na umri wa paspoti. Akiwa Junior, ligi ya vijana wadogo, anaandikwa hivi. Akihamia klabu nyengine anapunguzwa mwaka. Akiitwa timu ya taifa anapunguzwa tena. Vijeba, wakubwa wanaopitishwa kama watoto, wanatengenezwa huku, kwenye ligi za Junior na Juvenile, wala si kambini.

Dawa yake ni faili linalofunguliwa siku ya kwanza mtoto anaposajiliwa, likakaa ligi, si mikononi mwa kocha. Ndani yake ziwemo picha, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na tarehe aliyoandikishwa darasa la kwanza. Kwenye cheti usisome tarehe ya kuzaliwa peke yake. Soma na tarehe kilipotolewa. Cheti cha mwezi jana kwa kijana aliyefika sekondari si lazima kiwe cha uongo, ila kinataka maswali. Nenda skuli, fungua rejista. Kisha tazama vyeti vya ndugu zake. Kaka na mdogo wake, mama mmoja, tarehe zimepishana miezi mitano: hapo huna haja ya hospitali.

MRI nayo ifanywe miezi mitatu kabla, kwa wachezaji 35 au 40, ukijua unataka 20 na ushei. Ukipima wiki ya safari wakaanguka sita, unabeba sita wengine ambao hawajawahi kucheza pamoja, na beki wa kati anajuana na kipa wake uwanja wa ndege.

Viwanja, lishe, viatu: kweli vyote ni shida. Lakini hakuna timu iliyofungiwa kwa viatu.

Nasi milango yetu ni michache. FIFA hatumo. Uanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, tuliupata Machi 2017, Julai tukavuliwa. Kwa timu za taifa CECAFA ndiyo tuliyobaki nayo, na kila kijeba anayepenyezwa anamkalia nafasi mtoto wa Wete au Makunduchi aliyezaliwa mwaka hasa unaotakiwa.

Watoto hao wanaweza. Mwaka 2023 vijana wetu wa U-15 walilichukua kombe la CECAFA Uganda, mbele ya wenyeji, kwa penalti. Tarehe za kuzaliwa walizoandikiwa safari ile ndizo ziwafuate U-17, U-20 mpaka Zanzibar Heroes, timu yetu ya wakubwa. Klabu itakayoleta tarehe nyengine kwa mtoto yeyote kati ya wale, isisajiliwe mchezaji huyo mpaka ieleze imeitoa wapi.