Mashine kuukuu ya kukereza si chuma chakavu
Mashine kuukuu ya kukereza ikionekana uani kwa mtu Mtwara, ushauri wa kwanza ni uleule: ita wanunuzi wa vyuma chakavu wapime kilo, kisha kanunue mpya Dar. Una mantiki yake. Vipuri ni vya kusaka, upepo wa bahari hauachi kuleta kutu, na mwenye kazi za wateja mkononi hawezi kungoja. Huyo anunue mpya.

Lakini kwa fundi mwenye subira, hesabu ya kilo inapotosha. Thamani ya mashine ile iko kwenye kitanda chake cha chuma cha kusubu, yaani msingi mzito unaobeba sehemu nyingine zote. Mpingo wa Kilwa ni mgumu mno, na kwenye mashine nyepesi patasi hurukaruka ikaacha mawimbi juu ya mti. Uzito ule ndio unaoituliza.

Zinazotoka viwandani mara nyingi hukwama kwenye mota tu: ni ya umeme wa njia tatu, nyumbani kuna njia moja. Hapa ndipo watu hukata tamaa bure. Soma kibati cha mota. Ikiwa imeandikwa 230/400, fundi umeme anaweza kuiunganisha kwa delta, yaani mpangilio wa nyaya wa volti 230, akailisha kwa kifaa cha kubadili hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), kinachopokea njia moja ya volti 230 na kutoa njia tatu. Kapasita ni njia ya mkato, ila mota hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa kifaa cha hezi, kasi unaipanga kwa kitufe. Puli za kubadilishia kasi usizitupe hata hivyo: mota ikizungushwa polepole kwa hezi, feni yake nayo huzembea, mota ikachemka.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, usalama. Mashine nyingi za zamani chaki yake, yaani kishikio cha mti, hukazwa kwenye spindeli (mhimili unaozunguka) kwa nyuzi, kama nati. Ukiirudisha nyuma au ukiifunga breki ghafla, chaki inaweza kujifungua ikaruka ingali inazunguka. Basi zima kabisa uwezo wa kurudi nyuma, na upange isimame taratibu. Waya wa ethi ni lazima. Na kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, funga swichi inayojizima, ili umeme ukirudi mashine isianze yenyewe mkono ukiwa kwenye chaki.

Ukilazimika kubadili mota, mpya ikae juu ya bamba lililofungwa kwa boliti kwenye matundu ya zamani. Kitanda kisiguswe na grainda.