Farasi Langoni: Nani Alimtuma Muuaji wa Mfalme Philip?

Hapa Kiswahili hakitusaidii sana. Ukisema "farasi langoni", msikilizaji hajui kama ni mmoja au watano. Kigiriki cha mwanahistoria Diodorus hakina utata huo. Pausanias, mlinzi aliyemchoma jambia mfalme Philip II wa Makedonia mwaka 336 KK, alikuwa ameandaa farasi kwenye lango la mji wa Aegae huko Makedonia, na neno lenyewe liko katika wingi. Mtu mmoja anatoroka kwa farasi wangapi?

Siku hiyo Philip alikuwa anamwoza binti yake Cleopatra kwa Alexander wa Epirus, mjomba wa bibi harusi, ndugu wa mama yake Olympias. Watu walianza kumiminika kwenye uwanja wa maonyesho giza likiwa bado halijapambazuka. Zikapitishwa sanamu za miungu 12, na nyuma yake ya 13, ya Philip mwenyewe. Kisha akaingia mfalme katika vazi jeupe, peke yake, kwa kuwa aliwaamuru walinzi wakae mbali ili wageni wa Kigiriki waone kwamba hahitaji mikuki ya kumzunguka. Pausanias akamfikia, akamchoma ubavuni, akatimua mbio. Karibu na lango kiatu chake kikanasa kwenye mzabibu, akaanguka, na vijana waliokuwa wakimfukuza wakammaliza palepale. Hakuna aliyemhoji.

Kinywa pekee kilichojua kilifungwa dakika ileile, na waandishi wakagawana kazi ya kukisemea.

Aliye karibu zaidi na tukio ni mwanafalsafa Aristotle. Katika kitabu chake cha siasa anataja kifo hiki kwa sentensi moja tu: Pausanias alimwua Philip kwa sababu mfalme aliacha watu wa Attalus, jemadari wake, wamdhalilishe. Basi. Udogo wa sentensi hiyo ndio nguvu yake, kwa maoni yangu. Aristotle hakuwa anasimulia mauaji, alikuwa anaorodhesha watawala waliouawa kwa sababu ya kisasi cha heshima, na mfano unaochaguliwa kwa kupita tu huwa ni ule ambao wasomaji wa wakati huo wameshaukubali.

Ila tusimpe Aristotle cheti cha usafi haraka. Alikuwa mwalimu wa Alexander, mwana wa Philip na Olympias (si yule wa Epirus), baba yake Aristotle alikuwa tabibu katika nyumba hiyohiyo ya kifalme, na rafiki yake mkubwa alikuwa Antipater, jemadari aliyemsaidia Alexander kukalia kiti. Mtu wa aina hiyo hatujui angeandika nini kama angesikia jina la mwanafunzi wake likitajwa katika mauaji hayo. Hata hivyo hoja hii inageuka ukiitazama upande wa pili: Antipater na Olympias baadaye walikuwa chui na mbuzi. Kama kungekuwa na tetesi nzuri ya kumchafua malkia, rafiki wa Antipater alikuwa na kila sababu ya kuidokeza. Hakuidokeza.

Diodorus anaandika karibu miaka 300 baadaye, na kwake ndiko tunakopata chumvi yote: karamu, divai, Pausanias aliyeleweshwa na Attalus kisha akaachiwa watunza nyumbu wamnajisi, Philip aliyemtuliza kwa zawadi na cheo kwa sababu alimhitaji Attalus kwa vita vya Asia. Inaaminika? Kiini chake kinalingana na Aristotle. Lakini mtazame anapomtaja Attalus. Mahali pamoja anasema ni mpwa wa Cleopatra, mke mpya wa Philip (si yule binti). Kurasa chache mbele, ni kaka yake. Waandishi wengine wanasema ni mjomba, au baba mdogo. Mtu asiyejua ukoo wa mtu anayemshutumu alikuwa ananakili vitabu viwili tofauti bila kuvisawazisha. Tena anasema kisa kilianza baada ya vita na Mfalme Pleurias wa Iliria, ambavyo baadhi ya wanahistoria huviweka karibu 344 KK. Ikiwa hivyo, Pausanias alikaa na aibu yake miaka minane, akimlinda mtu aliyemnyima haki.

Sasa tunafika kwa Justin, mwandishi wa Kilatini aliyefupisha historia ya Mrumi Trogus karne kadhaa baada ya tukio. Huyu ndiye anayetwambia kwamba farasi waliandaliwa na Olympias. Kwamba usiku uleule alipowasili mazikoni alimvisha maiti wa Pausanias, aliyetundikwa msalabani, taji la dhahabu. Kwamba aliliweka jambia wakfu kwa Apollo kwa jina lake la utotoni, Myrtale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa wasifu wa Alexander, naye anasema lawama nyingi zilimwangukia malkia, na kidogo zikamfikia mwanawe.

Lisemwalo lipo, watu watasema. Na kweli kulikuwa na cha kusema. Mwaka mmoja kabla, kwenye harusi ya Philip na Cleopatra, Attalus alikuwa ameomba miungu iwape Wamakedonia mrithi halali, Alexander akamrushia kikombe, na mama na mwana wakaondoka Makedonia. Aliyefaidika na kifo hicho anajulikana. Lakini faida si ushahidi, na lile taji silikubali hata kidogo. Alexander aliyekuwa anahitaji kila mkuki wa jeshi asingemwacha mama yake amvike taji muuaji wa mfalme wao mbele ya watu. Hadithi hiyo inanukia zaidi ya watu wa Cassander, mwana wa Antipater, aliyemwua Olympias mwaka 316 KK na alihitaji ionekane kwamba alistahili.

Kinachonifanya nisiufunge mlango kabisa si Justin, ni serikali yenyewe. Mara baada ya mauaji, Heromenes na Arrhabaeus, ndugu wawili wa Lyncestis, jimbo la Makedonia, wakauawa kama washirika, huku ndugu yao wa tatu, mkwe wa Antipater, akisalimika kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumtambua Alexander kuwa mfalme. Miaka mitatu baadaye, kwa mujibu wa mwanahistoria Arrian, Alexander anamwandikia Darius, mfalme wa Uajemi, kwamba ni Waajemi waliopanga mauaji ya baba yake. Kama Pausanias alikuwa na kisasi chake tu, farasi wa ziada walikuwa wa nani? Na kama ni wa ndugu wa Lyncestis, Waajemi wanaingiaje?

Pengine wingi ule ni ulimi tu wa msimuliaji. Mimi namwamini Aristotle kuhusu sababu ya Pausanias, na sioni kwamba sababu yake binafsi inazuia mtu mwingine kumsukuma.

Mwaka 331 KK, Alexander alifika kwenye hekalu la mungu Amoni huko Siwa, jangwani Misri. Diodorus na Plutarch wote wanasema aliuliza kama wauaji wote wa baba yake wamekwisha kuadhibiwa. Kuhani akamkanya kwamba baba yake si mtu wa kufa, ni mungu mwenyewe, ila waliomwua Philip wamelipwa wote. Wengine wanaliona swali hilo ni la mtoto asiyejua. Mimi naona mtu aliyesafiri mwendo wote ule jangwani, akiwa na watu wa kusimulia jibu, na akijua tayari ni jibu lipi lingemfaa.